Mkono wa Bure

Maneromango,
9 Februari 2025

Dada Devotha,

Shikamoo. Nikikupigia simu unaniambia uko kwenye kikao, na ujumbe wangu wa sauti naona hadi leo hujausikiliza. Basi nimeamua kukuandikia barua na kuitia ndani ya boksi hili la makopo. Boksi utalifungua tu, maana siagi ya korosho unaipenda kuliko sauti yangu.

Huku tu wazima. Mama anakusalimu. Bado anabangua korosho mwenyewe kila asubuhi na wanawake wenzake, na habari ya glovu hataki kuisikia. Anasema akivaa glovu anaishika korosho kama anashika mtoto wa mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye kazi. Uliniambia nichague programu ya kuchorea lebo, "ya bei chee, Ngusa, kampuni yetu bado inatambaa." Nimechagua. Ila kwa kuwa nakujua utauliza kwa nini, acha nikueleze kabisa.

Ya kwanza ni ile anayotumia fundi wa steshenari pale Maili Moja. Ni kubwa, ni ya wataalamu, na yeye hajailipia, ni ya wizi. Alitaka kuniwekea bila tatizo. Flashi yake niliichomeka mara moja tu, picha zangu zote zikawa hazifunguki tena. Halafu dada, kampuni ya familia ianze kwa kuiba? Siku tukikua kidogo atatokea mtu mwenye tai atudai maelezo.

Ya pili ni hiyo ya kwenye mtandao anayoipenda shemeji Onesmo. Unaingia, unakuta michoro imeshapikwa na kupakuliwa, wewe unabadilisha jina tu, umemaliza. Nzuri kwa kadi za mwaliko. Lakini mchoro ukikuvutia unakuta una alama ya taji, maana yake lipa kwanza, na ule usio na taji ameshauchukua kila mtu duniani. Tena bila bando haifunguki, nami bando huku linashika nikipanda juu ya kichuguu nyuma ya kanisa.

Ya tatu ndiyo niliyoichagua. Ni programu huria. Walioitengeneza wamewaachia watu waitumie, huilipii na wala huiibi, na inafanya kazi kwenye hii kompyuta yangu mbovu bila mtandao. Inachora kwa mistari, kwa hiyo mchoro hata ukiukuza ujae ukuta mzima hauchakai. Kuijifunza kumenitoa jasho, sikufichi, lakini nimeiweza.

Na nimechora mkono wa mama. Ndiyo, mkono wake huohuo, umeshika bibo la korosho, na yale mabaka ya mafuta ya ganda yanayounguza ngozi, na kile kidole kilichopinda. Juu nimeandika jina la kampuni yetu, KANJU. Nilipomwonyesha alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi hapo? Mimi naenda madukani?" Tangu siku hiyo kila anayepita hapa anaambiwa kwamba mkono wa Mama Devotha unakwenda Kibaha. Hata wanakwaya wanajua.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Yule Nuria mwenye maduka akitaka kuona lebo, mpelekee hii. Nimekuwekea kwenye flashi safi, imo ndani ya mfuko wa nailoni katikati ya boksi. Mama ameshajiona yuko rafuni. Usimwangushe.

Mdogo wako,
Ngusa


Misugusugu, Kibaha,
16 Februari 2025

Mdogo wangu Ngusa,

Marahaba. Umeniandikia barua kama wachumba wa zamani, nami nakujibu hivyohivyo, maana kukupata hewani huko ni bahati nasibu. Naipitisha kwa kondakta wa basi pamoja na makopo matupu.

Siagi ni tamu, hata ofisini wameisifia. Mwambie mama apunguze chumvi kidogo.

Lebo sasa. Usinune. Flashi yako niliipeleka kwa mchapishaji. Unajua mkono umetokaje? Rangi ya maini! Anasema hiyo programu yako inapanga rangi za kuonekana kwenye kioo cha kompyuta, si rangi za wino, na yeye hana muda wa kukaa anazinyoosha. Nilibandika kopo moja nikaliweka juu ya friji. Onesmo akaingia akauliza, "Nani tena kaleta dawa ya vidonda?" Nilicheka, lakini moyoni niliona aibu.

Tuambizane ukweli, Ngusa. Maduka ya Nuria yana viyoyozi. Wateja wake wanakula kwa macho kwanza. Hatuwezi kusimama mbele yake na mkono wa bure. Mkono wa bure unajionyesha, haufichiki. Mtu akiutazama tu anajua hawa ni watu wa shamba wasio na uwezo. Mimi mkono huo siutaki kwenye makopo yangu.

Onesmo amekaa kwenye ile ya mtandaoni, chai haijapoa akawa ameshamaliza. Jani la kijani ndani ya duara, lina tone la umande kwenye ncha, na herufi nyembamba za kisasa. Halina taji, hatujatoa hata senti, lakini ukiliona huwezi kujua. Nuria kalipenda. Nimeshaagiza zichapwe nyingi.

Mama mwambie taratibu, wewe ndiye unayejua kumpanga.

Dada yako,
Devotha


Maneromango,
2 Machi 2025

Dada Devotha,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nimelelewa hivyo.

Barua yako haikunikuta. Nilikuwa Kisarawe mjini. Juu ya bahasha uliandika "Kwa Mama Devotha, Maneromango, impate Ngusa," kama tulivyokuwa tukiandika zamani tukiwa shule, jina la mzazi kwanza. Kondakta alisoma mwanzo akaishia hapohapo. Akashuka, akampa mama mkononi. "Mama Devotha, barua yako hii, kutoka kwa mwanao."

Mama hajawahi kupata barua yenye jina lake. Alinawa kwanza. Kisha akamwita Ponsiano, yule jirani yetu wa kwaya, aje amsomee. Wanawake waliokuwa wanabangua naye akawaambia wanyamaze, wasikie Kibaha wamesemaje kuhusu mkono.

Ponsiano anasoma vizuri, na huo ndio ubaya wake. Kila neno linasikika kama somo la Jumapili. Alipofika "hatuwezi kusimama mbele yake na mkono wa bure" akasita. Mama akamwambia, "Soma, baba." Akasoma. Mkono wa bure haufichiki. Watu wa shamba. Mimi mkono huo siutaki kwenye makopo yangu.

Najua ulichokusudia. Ulikuwa unasema mchoro uliochorwa kwa programu ya bure. Ningekuwapo ningeiruka hiyo sehemu, nikamsomea habari ya chumvi. Lakini mama programu haijui. Kwake bure ni bure. Mtu bure, kazi bure, mkono wa bure. Alichosikia ni mwanawe wa kwanza akimwambia mbele ya wenzake kwamba mkono wake si kitu.

Hakulia. Alisema, "Haya, Ponsiano, ahsante," akaikunja barua akaifunga kwenye pindo la kanga. Niliporudi nilimkuta anabangua amevaa soksi mikononi. Soksi zangu za kuchezea mpira, Devotha. Na Jumapili watu walipokuwa wanasalimiana nje ya kanisa, yeye alisalimia kwa kuinamisha kichwa, mikono ikiwa ndani ya kanga.

Nimemweleza habari ya programu. Nimemchorea mpaka mchangani kwa kijiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sawa mwanangu. Na kopo sasa lina nini?" Nikamwambia lina jani. Akasema, "Basi alichosema ndicho alichofanya."

Na hilo jani lenyewe shemeji kalipata bure! Kwa hiyo usiniletee habari ya bure. Jani ni la bure na umelikubali. Tofauti yake ni kwamba halina baka.

Njoo umwombe radhi. Si kwa simu. Njoo mwenyewe.

Ngusa


Misugusugu,
10 Machi 2025

Ngusa,

Nani alimpa Ponsiano ruhusa ya kusoma barua yangu hadharani? Siku hizi huko kwenu barua za watu zinasomwa kama matangazo ya msiba? Niliandika habari ya mchoro. Mchoro! Mtu yeyote mwenye akili zake angeelewa. Mmekaa mkanigeuza mimi mchawi wa familia, wakati mimi ndiye ninayezunguka juani na makopo kila Jumamosi huku wewe umekalia kichuguu unatafuta mtandao.

Unaniambia njoo. Likizo haiokotwi. Na barabara ya huko mvua zikianza unaijua.

Halafu nikuulize, wewe unayejifanya unampenda mama kuliko mimi. Unajua nini kuhusu ile mikono? Nilipokuwa kidato cha pili alikuja siku ya wazazi. Akampa mkono mwalimu mkuu, mwalimu akatoa leso akajifuta. Darasa zima liliona. Wewe ulikuwa mdogo, unachunga ng'ombe za baba, hukuwapo. Mwaka mzima waliniita Mama Magamba. Nikasoma, nikapata kazi, nikajenga hapa Misugusugu, majirani zangu hawajui chochote. Na wewe unataka ile mikono ibandikwe kila rafu, niwe naikuta hata nikienda kununua sabuni.

Haya, nimeshaandika, na kwa kuwa ni kalamu siwezi kufuta. Usimsomee.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili tunapeleka makopo kwenye maonesho ya wajasiriamali Soga. Nuria atakuwapo, ataamua pale kama anatuingiza madukani kwake au la. Leteni makopo ya kutosha, lawama tutaendelea nazo baadaye.

Devotha


Maneromango,
23 Machi 2025

Dada,

Makopo hayo. Barua yako sikumsomea mama. Nimeitia jikoni ikaungua, maana humu ndani barua zako zina miguu.

Mama yuko salama. Anabangua kama kawaida, soksi hajavua. Hakuulizii.

Mvua zimeanza, lakini pikipiki zinapita. Mtu akitaka kuja anakuja.

Ngusa


Misugusugu,
13 Aprili 2025

Ngusa mdogo wangu,

Nimepata aibu ya mwaka. Najua utafurahi, basi furahi upesi halafu tusaidiane.

Soga palijaa. Treni ilimwaga watu kutoka Dar, wengine na watoto, wamevaa wamependeza. Meza yetu ilikuwa nzuri kuliko zote, nakuapia. Makopo yamepangwa, majani ya kijani yanakutazama. Nuria amesimama pembeni yangu na kijiko, anaonja, anatikisa kichwa kukubali. Nikasema moyoni, leo tumetoka.

Likaja gari la kazi likaegesha mkabala nasi, kivulini. Ni la karakana moja ya majeneza ya njia ya huku, walikuwa wanapeleka mzigo wakasimama kununua maji. Mlangoni wamechora nembo yao. Ngusa, lile jani! Duara lilelile, umande uleule kwenye ncha, na herufi zilezile nyembamba. Chini yake PUMZIKA PEMA, MAJENEZA NA HUDUMA ZA MAZISHI.

Mimi nililiona kwanza nikajifanya sioni. Kijana mmoja akashika kopo letu, akatazama gari, akatazama kopo. Akapaza sauti, "Sista, hii siagi ya mkate au ya kumpaka marehemu?" Uwanja mzima ukapasuka. Walionunua wakaanza kurudisha. Bibi mmoja alitema alichokuwa anatafuna, akasema astaghfirullah. Nuria akaweka kijiko chini polepole, akajifuta mdomo.

Dereva wa majeneza wala hakuwa na kosa. Naye alilipata kulekule, bila taji.

Jana Nuria kaniita. Kasema siagi anaitaka, lebo hapana. Mtu wake wa sheria kamwambia jani lile hatuwezi hata kulisajili kuwa letu, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kulitumia. Anataka kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Katupa mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo nafasi yetu anampa mtu wa asali.

Kwa hiyo nimekubali, umeshinda. Huria. Nimempata mchapishaji mwingine mwenye uvumilivu, anasema rangi za mkono atazinyoosha mwenyewe hadi zitoke kama ngozi. Tatizo ni kwamba flashi yako Onesmo aliisafisha ili aweke jani, kwa hiyo mchoro uko kwako tu. Panda kichuguu unitumie, au mpe kondakta. Haraka sana.

Mwambie mama mkono wake unakwenda madukani kama alivyotaka. Atafurahi. Na ile barua ya kwanza mwambie yalikuwa maneno tu, asiyaweke moyoni. Nitakuja Pasaka, ama tukishamalizana na Nuria. Safari hii bahasha nimeandika jina lako peke yako.

Dada yako,
Devotha


Maneromango,
27 Aprili 2025

Devotha mwanangu,

Hujambo. Onesmo hajambo? Anayeandika hapa ni Ponsiano. Ngusa nilimwambia aandike akakataa, amesema amechoka kuandika. Basi mimi nasema, Ponsiano anaandika, na nimemwambia asitie neno lake.

Barua yako nimesomewa. Nilimwambia Ngusa aisome yote, asiruke. Pole kwa mambo ya Soga. Kuchekwa mbele za watu ni kubaya, najua unavyojisikia.

Pasaka tulikungoja. Nilichinja jogoo. Jioni tukamla.

Sasa habari ya mkono. Ngusa amenieleza mara nyingi, kuna programu ya kulipia, kuna ya wizi, kuna ya bure, na kuna huria. Nikamuuliza huria ndiyo nini. Akasema ni ile ambayo kila mtu ameruhusiwa kuitumia, huhitaji kumwomba mwenyewe. Nikamuuliza, "Na mkono wangu nao ni huria?"

Devotha, mkono wangu si huria. Uliukataa hukuniuliza. Sasa unautaka, hukuniuliza vilevile. Mara zote unamwandikia Ngusa, mwambie mama, mwambie mama. Mama ana masikio. Ungeniuliza hata kwa simu ya Ponsiano ningekuitikia.

Maneno yale ya bure Ngusa anasema sikuyaelewa. Labda. Mimi sikusoma. Lakini wewe nimekuzaa, najua ukisema kitu na najua ukiona haya. Tangu ulipokuwa shule ukinishika mbele za watu unanishika kwenye kiwiko. Sikuwahi kukuuliza. Nilisema ataacha akikua.

Nimemwambia Ngusa aufute ule mchoro. Aliniomba sana. Hakukutetea wewe, alikuwa anatetea kazi yake, nami namwelewa, maana ameihangaikia. Nikamwambia atachora kingine, macho bado anayo. Akaufuta nikiwa nimesimama nyuma yake. Baadaye akatoka nje akakaa muda mrefu, nami sikumfuata.

Korosho nitabangua. Sikukatizii kazi yako, wewe ni mwanangu. Soksi nimezivua, zina joto. Makopo yatakuja kama kawaida, na chumvi nimepunguza. Huyo mama Nuria mwambie mwenye mkono amekataa. Akikuuliza sababu, wewe umesoma, utajua namna ya kumwambia.

Mkija njooni tu. Hii ni nyumba yenu, sina kinyongo na mlango.

Ponsiano anasema barua lazima iwe na sahihi. Nimemwambia nitaweka dole gumba.

Mama yako,
Margareta


Dada Devotha, ni mimi Ponsiano. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza kitu. Hilo doa la wino hapo juu ndilo dole lake. Tumerudia rudia, halitoi mistari, mafuta ya ganda yalishaila yote zamani, linatoka jeusi tupu. Nilimshauri aweke alama ya msalaba badala yake. Akasema niliache hivyohivyo, Devotha atalijua.